Reli za Chuma Juu ya Ubao: Shauri kwa Maseremala wa Majengo na Ufipa

Kila mkulima wa Ufipa ajua habari hii. Jembe lililotiwa mpini wakati wa masika, likawekwa pembeni baada ya mavuno, hukutwa mwezi wa Agosti limelegea, na mtu akilinyanyua huona chuma kikicheza ndani ya tundu lake. Basi mwenyewe hulitumbukiza katika maji usiku kucha, na kukipambazuka mpini umevimba na jembe limeshika. Chuma hakikubadilika, kilichosinyaa na kuvimba ni mti. Tena wazee huonya kwamba dawa ya maji ni ya siku chache tu, maana kila mpini unapovimba hujiponda wenyewe juu ya chuma, na ukikauka tena hulegea kuliko mara ya kwanza.

Twaanza na jembe kwa sababu jambo tutakalolieleza leo ni lile lile, ila limehamia katika karakana. Maseremala wengi wa Majengo, na wa kata nyingine za Sumbawanga, sasa hutumia msumeno wa mashine wenye meza, na kwa kuwa vifaa vya kuelekezea mbao vinavyouzwa madukani ni vya bei kubwa, hujitengenezea vyao kwa mbao. Kifaa cha namna hiyo wengine hukiita jigi; sisi tutakiita kielekezo, maana kazi yake ni kuelekeza ubao upite mahali pamoja kila mara, pasipo kutegemea jicho wala mkono. Kielekezo cha mbao tupu ni kizuri siku kinapotengenezwa. Baada ya miezi sita hakiaminiki. Kwa hiyo mafundi hodari hukitia reli za chuma, na hapo ndipo makosa mengi hutendeka.

Labda mwalimu au mwenyekiti wa kijiji atauliza habari hii yamhusu nini yeye asiyeshika randa. Yamhusu sana, maana yeye ndiye anayeagiza madawati. Mwaka 2016, serikali ilipohimiza nchi nzima kwamba kila mwanafunzi apate dawati, mafundi wa mikoani walipata kazi ya haraka na ya wingi. Fikirini kazi ya madawati 50, kila moja lina miguu 4. Hiyo ni miguu 200, na yote yapasa kuwa na urefu mmoja. Fundi akipima kila mguu kwa futi na kalamu, kisha akaukata kwa jicho, hapana budi mmoja uwe mrefu kwa milimita 2, na mwingine mfupi kwa milimita 3. Dawati linasimama kwa miguu mitatu. Mtoto anaandika nalo linatikisika, na kutikisika huko ndiko kunakofungua maungio, hata kabla ya mwaka kwisha dawati li nje ya darasa, limelazwa chini ya mti. Tumeyaona madawati ya namna hiyo, wala hatusemi ni ya shule gani. Mbao zake zilikuwa njema na misumari haikupungua. Kasoro ilikuwa ya urefu.

Na wafugaji wa nyuki nao wamo. Mzinga wa kisasa ulio na vijiti vya juu, ambavyo nyuki hushuka navyo wakijenga masega, wataka kila kijiti kiwe na upana wa milimita 32, kwa kuwa ndio upana unaowafaa nyuki wetu wa Afrika. Vijiti vikizidi kwa milimita 2 kila kimoja, basi vikiwa 24 kosa limefika milimita 48, yaani kijiti kizima na nusu. Nyuki hawafuati kosa la seremala. Watajenga kwa kipimo chao wenyewe, sega litavuka kutoka kijiti hiki hata kile, na siku ya kurina mwenye mzinga hawezi kuinua kijiti kimoja pasipo kupasua masega mawili.

Dawa ya yote mawili ni kizuizi. Huo ni mti mdogo uliofungwa mahali pamoja juu ya kielekezo, na kila ubao husukumwa hata uuguse, ndipo ukatwe. Kizuizi kikipigiliwa misumari, kitafaa kwa kipimo kimoja tu. Lakini kikishikwa na bolti inayoteleza ndani ya reli, fundi hukilegeza, akakisogeza mpaka kipimo anachotaka, akakaza nati, akaendelea.

Sasa tuseme juu ya reli yenyewe. Zipo reli za alumini zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa, zenye mfereji ambao kichwa cha bolti huingia na kutotoka. Anayezipata azitumie. Fundi wa Sumbawanga asiyezipata ana njia mbili. Ya kwanza ni vipande vinavyobaki kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Navyo ni vyepesi, vimenyooka, na bei yake si kitu. Lakini kuta zake ni nyembamba, mara nyingi kama milimita moja tu, na nati ikikazwa kwa nguvu midomo ya mfereji hupanuka na bolti huchomoka. Twaviona vyafaa kwa kuongozea tu, si kwa kushikia.

Njia ya pili ndiyo tuipendayo. Twaa vyuma bapa viwili, ambavyo wauzaji wa vyuma huviita flatibaa, vyenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3. Twaa na bolti za milimita 6, ambazo kichwa chake hupimwa milimita 10 kutoka ubapa hata ubapa, na unene wake milimita 4. Katika ubao chonga kwanza kitako kipana cha milimita 46½ na kina cha milimita 3. Kisha katikati ya kitako hicho chimba mfereji wa upana wa milimita 10½, na kina cha milimita 5 zaidi. Vyuma viwili vilazwe juu ya kitako, kimoja huku na kimoja kule, na kati yao ibaki nafasi ya milimita 6½. Kichwa cha bolti kitakaa ndani ya mfereji chini ya vyuma, hakiwezi kupanda juu, wala hakiwezi kuzunguka, kwa sababu kuta za mfereji zimekibana. Na shina lake litatokeza katika nafasi ya kati. Ukikaza nati juu ya kizuizi, kichwa huvuta vyuma kwa chini, na kizuizi hakiendi po pote. Kwa ubao wa plaiwudi wa milimita 18 kipimo hiki chafaa, maana chini ya mfereji hubaki milimita 10 nzima.

Upana wa nafasi ile ya kati usikadiriwe kwa jicho. Chukua bolti tatu, uzitie katika nafasi mwanzo, kati na mwisho pamoja na kipande cha karatasi ngumu ubavuni mwa kila moja, usukume vyuma mpaka viguse, ndipo utie alama za matundu.

Juu ya matundu tutakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo yanayoharibu kazi njema. Parafujo, au skrubu kama wengi wasemavyo, ya unene wa milimita 3½ yataka tundu la milimita 4 katika chuma, ili ipite bila kushika chuma chenyewe. Katika ubao yataka tundu la milimita 2 ikiwa mti ni laini kama msindano, au 2½ ikiwa mti ni mgumu kama mninga. Fundi asiyetoboa ubao kwanza, akategemea nguvu ya bisibisi, ataona mojawapo ya mambo mawili: mninga umepasuka, au parafujo imejisukumia kando kufuata nyuzi za mti na kuivuta reli pamoja nayo. Nusu milimita tu ya kuvutwa huko, na bolti hukwama. Kisha kila tundu la chuma lipanuliwe mdomo kwa keekee nene, ili kichwa cha parafujo kizame chini ya uso wa chuma. Kichwa kinachotokeza hata unene wa ukucha kitakikwaza kizuizi kila kipitapo. Tundu la kwanza liwe sentimeta 3 kutoka mwisho, na mengine yafuatane kwa sentimeta 15. Tena pima urefu wa parafujo kabla ya kuitia. Kwa plaiwudi ile ya milimita 18 tumia za milimita 16, maana ndefu zaidi hutokeza upande wa pili na kukwaruza meza ya mashine.

Sasa turudi kwenye jembe. Nchi ya Ufipa i juu, mji wa Sumbawanga umezidi mita 1,700 juu ya bahari, na mwaka wetu umegawanyika sawasawa kama mkate: mvua tangu Novemba hata Aprili, kisha ukavu tangu Mei hata Oktoba, na upepo mkavu wa Julai unaopasua midomo. Ubao hunywa unyevu wa hewa katika nusu moja ya mwaka na kuutoa katika nusu ya pili. Lakini haukui pande zote kwa kadiri moja. Kwa urefu wa nyuzi zake haubadiliki ila kidogo mno, hata seremala aweza kusahau. Kwa upana, kukata nyuzi, hubadilika sana. Ubao wa msindano wenye upana wa sentimeta 40, uliopasuliwa kwa namna ya kawaida, ikiwa unyevu ulio ndani yake utabadilika kwa sehemu 5 katika 100, utaongezeka au kupungua karibu milimita 5. Mninga wa misitu ya miombo husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, na ndiyo maana maseremala huupenda, ingawa vumbi lake huwasha pua na yafaa kufunga kitambaa. Plaiwudi nayo hutulia, kwa kuwa matabaka yake yamepandanishwa, nyuzi za hili zikikata nyuzi za lile, kila moja likimzuia mwenziwe.

Na chuma je? Chuma hakijali mvua. Hujali joto, lakini kwa kiasi cha kuchekesha: chuma cha pua cha urefu wa mita moja, joto likizidi kwa digrii 20, huongezeka kama robo ya milimita, na alumini kama nusu ya milimita.

Basi reli ikilazwa kufuata nyuzi za ubao, vyote viwili hutulia pamoja na hapana ugomvi; itie parafujo zote zikaze. Lakini reli ikilazwa kukata nyuzi, ubao wataka kwenda milimita 5 na chuma kinakataa. Mmoja lazima ashindwe. Sisi wenyewe tulijifunza hayo kwa hasara. Tulitengeneza kitelezi cha kukatia mbao, tukatumia ubao mpana wa msindano kwa kuwa ndio uliokuwapo, tukalaza reli kukata nyuzi, tukatia parafujo tisa, na kwa kuona tu hodari tukaongeza gundi chini yake. Ilikuwa mwezi wa Agosti. Kitelezi kilikuwa sawa kama kioo. Kufika Januari kilikuwa kimepinda mgongo kama ngozi iliyoanikwa juani, kinainuka katikati, na kila ubao uliokatwa juu yake ulitoka na pembe ya uongo. Tuliilaumu mashine siku mbili, kisha tukamlaumu aliyetuuzia ubao, na mwisho tukageuza kitelezi tukaona parafujo mbili za mwisho zimelala kiubavu katika matundu yao.

Ilitupasa kufanya hivi. Tundu la katikati la reli huachwa mviringo, na parafujo yake hukazwa kabisa. Hiyo ndiyo nanga. Matundu mengine hurefushwa kuelekea miisho ya reli: hutobolewa matundu mawili yaliyokaribiana, na ukuta ulio kati yao huondolewa kwa tupa nyembamba, hata parafujo iweze kusogea milimita 2½ au 3 huku na huku. Mdomo wa tundu nao urefushwe vile vile, ama kichwa kitajifunga chenyewe. Parafujo hizi hukazwa mpaka ziguse, kisha hurudishwa nyuma robo ya mzunguko. Gundi isitiwe kamwe. Namna hii ubao huenda na kurudi chini ya chuma, na katikati hapahami.

Huenda msomaji akadhani ujuzi huu wa kuoanisha chuma na mti ni wa kigeni. Sivyo. Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, ambazo zilivuta hewa zenyewe pasipo mivukuto, kisha wakakisafisha katika tanuru ndogo, yaani vintengwe, na humo ndimo mivukuto ilimotumika. Magofu ya malungu yangali yakionekana katika nchi hii. Kazi ile ilikoma katika karne ya ishirini, majembe ya nje yalipoenea, lakini mhunzi aliyetengeneza jembe la mkia alijua kwamba mpini utasinyaa, ndiyo sababu mkia aliufanya mwembamba mwishoni na mpana shinani, ili kila pigo la kulimia liukaze zaidi.

Bado reli ya namna nyingine, nayo ni ile iendayo chini ya kitelezi, ndani ya mfereji wa meza ya mashine. Mashine nyingi zina mfereji wa milimita 19, lakini zipo zilizo na kipimo chao, basi pima yako mwenyewe. Wengi hutia ulimi wa mti. Ulimi huo wakati wa masika hukwama, na fundi akisukuma kwa nguvu mikono yake huja mbele kwa ghafula. Wakati wa kiangazi hulegea, ubao hugeuka kidogo ukiwa katika meno, na msumeno huurusha nyuma. Mambo haya mawili yameondoa vidole vya watu. Kwa hiyo hapa chuma si anasa.

Chuma bapa cha milimita 20 hakitaingia katika mfereji wa 19. Usilazimishe, wala usikwangue meza ya mashine. Mpelekee fundi wa kuchonga vyuma akipunguze, au kibane katika jiliwa ukipunguze kwa tupa, kazi ya jioni mbili tatu. Ikiwa umekipunguza mno na sasa chacheza, usikitupe: kiweke juu ya chuma kizito, upige nukta kwa panchi karibu na ukingo, kila sentimeta 5. Chuma huvimba kidogo pembeni mwa kila nukta, nacho kitajaa tena katika mfereji.

Kukifunga kwa mahali pake halisi pana hila moja iliyo rahisi. Zima mashine na uchomoe waya wake wa umeme, ushushe msumeno chini ya meza. Weka washa au sarafu ndani ya mfereji, ulaze chuma juu yake, mpaka uso wa chuma uwe juu ya meza kwa unene wa nywele. Bandika juu ya chuma utepe unaonata pande mbili. Kisha shusha ubao wa kitelezi juu yake, ukiwa umeupanga kwa skwea, uukandamize. Ukiuinua, chuma kitakuja pamoja nao, kimekaa sambamba na mfereji bila kupimwa. Ugeuze, utoboe, utie parafujo mbili tu, ya mbele na ya nyuma, uondoe sarafu na ujaribu kuusukuma. Ukienda vema, ndipo utie zilizobaki. Ikiwa ubao wa kitelezi ni mti mzima na si plaiwudi, tia chuma kimoja tu. Viwili vitasogezwa na upana wa ubao, na kufika Januari kitelezi hakitaingia katika meza hata kidogo.

Ukuta wa kuegemeza mbao hufungwa mwisho, kwa parafujo moja upande mmoja na kibano upande wa pili. Kata kipande cha ubao chenye kingo zilizonyooka. Kisha pindua nusu moja, ya juu iwe chini, uziegemeze nusu zote mbili kwenye ukuta na kuzikutanisha pale zilipokatwa. Zikigusana tangu juu hata chini, ukuta u sawa. Ukiona nuru kati yake, pengo unaloliona ni kosa lako mara mbili; sogeza ukuta kwa nusu ya pengo hilo, ukate tena. Usione haya kurudia mara tano.

Onyo moja kubwa: njia ya msumeno isipite po pote penye chuma. Meno ya msumeno wa siku hizi yana ncha ngumu zilizoungwa, na ncha hizo zikigonga flatibaa hukatika na kuruka kama risasi. Kabla ya kutia reli, chora kwa rangi nyekundu mahali msumeno upitapo, na reli pamoja na parafujo zake zikae mbali na mstari huo kwa sentimeta 3 au zaidi. Nyuma ya ukuta, pale msumeno unapotokea, gundisha kipande kinene cha mti, kwa maana hapo ndipo dole gumba hupenda kukaa.

Juu ya kutunza, maneno ni machache. Usitie mafuta ya gari. Hunywewa na ubao, na gundi haishiki tena mahali palipoingia mafuta. Tumia nta ya nyuki, ambayo mkoa wetu na Katavi hatuikosi: sugua juu ya chuma, futa kwa kitambaa. Nta huzuia kutu na huifanya bolti iteleze kimya. Kila mwanzo wa mvua, na tena mwezi wa Juni, jaribu parafujo kwa bisibisi na ukate ubao wa majaribio kama tulivyoeleza. Na kwa kuwa vumbi la mbao hujaa katika mfereji wa reli mpaka kichwa cha bolti kisipite, toboa tundu moja la kidole mwisho wa mfereji, lipenye hata chini, vumbi lipate njia ya kutokea kila kizuizi kinaposukumwa.